Paa la Bi Kinue

Bi Kinue Oguma ndiye aliyenifundisha lugha ya huku, na alinifundishia jikoni kwake, mikono yetu ikiwa imezama kwenye pipa la achari ya figili. Mimi nilikuja Yanasawa, kijiji cha Japani, kuolewa. Natoka Ufilipino, kwenye joto, na jina langu ni Luzviminda. Watu wa hapa walijaribu kulitamka, likawashinda, wakalikata nikabaki Ruzu. Mume wangu Shunpei ni mtu wa maneno machache, na majira yote ya baridi yuko barabarani na tingatinga la manispaa anasukuma theluji. Mama mkwe nilimkuta ameshafariki. Kwa hiyo lugha nikaitafuta kwa jirani.

Kitu cha kwanza nilichotaka kujua ni namna ya kusema "lazima". Ukiolewa kwa wakulima huwezi kumaliza siku bila neno hilo. Bi Kinue akafikiri kidogo, akasema, "Neno lipo, la kwenye matangazo ya serikali. Sisi tunasema: nisipoosha, haitakuwa."

"Haitakuwa nini?"

"Haitakuwa. Basi."

"Nani kasema haitakuwa?"

"Hakuna aliyesema, Ruzu. Osha figili."

Baadaye nikagundua kwamba hata hiyo nusu ya pili hawaisemi. Mtu amekaa vizuri kwenye meza yenye moto chini yake, blanketi limemfunika magoti, ghafla anainuka, anavaa buti, anasema, "Nisipokwenda..." na mlango unafungwa nyuma yake. Kwetu mtu akikuambia "usipofanya hivi" halafu akanyamaza, jua anakutisha. Hawa wanajitisha wenyewe, asubuhi mpaka jioni, na wanatabasamu wakifanya hivyo. Mwanzoni nilikuwa nacheka. Siku hizi nikiisikia ile nusu inayoning'inia, mwili unanisisimka.

Bi Kinue alikuwa bingwa wa nusu hiyo. Mjane wa miaka mingi, mfupi, mgongo umeanza kupinda, mashavu mekundu kwa baridi. Nisipopika, nisipofagia, nisipopeleka. Ukimpa mayai asubuhi, jioni unakuta viazi mlangoni pako, na viazi vyenyewe vimeshaoshwa. Siku moja nilimletea embe kavu kutoka nyumbani, ya zawadi tu, nikamwambia waziwazi asinirudishie kitu. Akakosa raha wiki nzima. Mwishowe nikaokota figili moja bustanini kwake mbele ya macho yake, nikaondoka nayo, ndipo akaanza kulala.

Sasa nieleze habari ya paa, maana ndiyo habari yenyewe.

Yanasawa theluji haianguki, inahamia. Inakuja na mizigo yake yote na inakaa mpaka miti ya pichi ichanue. Paa lisiposafishwa, nyumba inaanza kulalamika. Boriti inapinda, na milango yetu ya kusukuma inakwama kwenye reli zake. Wa kwanza kukwama ni mlango wa chumba cha madhabahu ya marehemu. Huo ukikwama, unapata muda wa kunywa chai. Ukikwama wa jikoni, huna muda. Ziko nyumba zilizowalalia watu, wazee wa hapa wanaweza kukuonyesha viwanja.

Na kupanda kuna utaratibu wake. Anayepanda anaita kwa sauti, "Napanda!" Jirani atakayemsikia lazima atoke. Ona, mimi bado nasema lazima. Awe mgonjwa, awe na chungu motoni, atatoka, atasimama chini mahali anapoonekana, na hataondoka mpaka asikie, "Nimeshuka." Kabla ya kusukuma bonge, aliye juu anaita, "Nateremsha!" Wa chini anaangalia, anajibu kwamba pako wazi. Ukiwa juu ya paa huoni chini ya ukingo. Macho yako ni yule wa chini.

Majira ya baridi yaliyopita Bi Kinue aliita, na aliyesikia ni Mzee Tokuji, jirani wa nyuma ya nyumba yake. Alikuwa mtu wa utani, hana haraka. Akavaa kofia yake ngumu ya manjano, akatoka, akasimama nyuma ya nyumba, karibu na stoo ya Bi Kinue. Jua lilikuwa limewaka asubuhi hiyo. Bi Kinue hakuwa amegusa hata kijiko cha theluji upande wa nyuma. Paa lenyewe liliachia theluji, yote kwa mpigo mmoja. Wanaume walichimba, wakamtoa, lakini alikuwa ameshakwenda.

Hakuna aliyemlaumu. Angelaumiwaje? Ila kwenye mkesha wa maiti, Bi Fusae, mke wa Tokuji, alimjia Bi Kinue kwa magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. Akasema, "Mume wangu amekusumbua sana, kufia uani kwako. Naomba radhi."

Mimi nilikuwepo. Nilitaka kusimama nipige kelele, niwaambie nyinyi watu mna wazimu. Bi Kinue naye akainama, akabaki hukohuko chini, hakuinuka mpaka nikamshika mabega. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Afadhali angenitukana, Ruzu. Angenirushia hata kikombe. Sasa mimi nitamrudishia nini?"

Nikamchemshia chai.

Majira haya theluji ilikuja mapema, miti ya mipersimoni bado ina matunda yake ya rangi ya chungwa. Asubuhi moja natoka kwangu, ng'ambo ya barabara, naona paa la Bi Kinue jeusi na safi wakati mapaa yote ni meupe. Ngazi imeegemezwa ukutani. Na mimi nilikuwa nyumbani tangu alfajiri, masikio yangu mazima, sikusikia mtu akiita.

Nikaingia bila kubisha. "Bi Kinue, umepanda?"

"Kupanda wapi?"

"Paa limejisafisha lenyewe?"

"Upepo."

"Upepo siku hizi una sepetu?"

Akacheka, akanimiminia chai. Nikakataa kuishika. "Mbona hukuita?"

"Nikiita, mtu atatoka."

"Ndiyo maana yake."

"Ndiyo maana yake," akarudia, na kicheko kikakatika.

Nilielewa, na kuelewa kwenyewe kukaniudhi. "Basi niite mimi," nikasema. "Mimi mgeni. Nikifukiwa watasema hakujua kusimama, maskini, amezoea minazi."

"Nyamaza wewe."

"Na ukianguka huko juu peke yako, nani atajua?"

"Theluji ikiyeyuka mtajua," akasema, akanisogezea sahani ya achari.

Huyo ndiye mtu niliyekuwa nabishana naye. Jumapili kikundi cha wanaume wa kitongoji hupita kuwasafishia wajane mapaa. Yeye alikuwa anapanda Jumamosi. Wakija wanakuta hakuna kazi, anawapa chai na mikate ya wali, wanainamiana, wanakwenda nyumba nyingine. Mwenyekiti wao anasema, "Bi Kinue ana nguvu kutushinda sisi," wote wanacheka. Nikamvuta pembeni nikamwambia Bi Kinue haiti mtu, anapanda kimyakimya. Akavuta hewa kwenye meno, wanavyofanya wakitaka jambo lipite. "Ana uchungu wake," akasema. "Tusipomwacha..." Na yeye hakumaliza. Nikamwambia amalize. Akaangalia saa.

Kitu kimoja nilikiona, na ndicho kilichonipa moyo kidogo. Bi Kinue hakuwa anateremsha chochote upande wa nyuma, pale alipofia Tokuji. Theluji yote ya nyuma aliibeba sepetu kwa sepetu, akaivusha mgongo wa paa, akaitupa mbele, upande wa barabara ambako anaona kila kitu. Ni kazi mara mbili. Kwa umri wake ni kichaa. Lakini nyuma hakutupa hata sepetu moja.

Bi Fusae nilimkuta siku moja kwenye mfereji, tunakotupa theluji ya njiani ili maji yaichukue. Alikuwa amekonda. Tukasalimiana, tukalaumu baridi. Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Bi Kinue ameita asubuhi?"

"Hajaita hata mara moja tangu theluji ianze."

"Aa. Nilidhani ni masikio yangu." Akatupa sepetu moja, akatupa ya pili. "Kutoka jikoni kwangu naiona ngazi yake."

"Unaiona, na unasemaje?"

"Achari yenu imekolea?" akauliza.

Nikadhani bado ana kinyongo na Bi Kinue. Lilikuwa jambo la kibinadamu, hata nikamwonea huruma, nikamwambia achari imekolea, nitamletea.

Halafu ikaja ile theluji kubwa. Ilianguka mchana, ikaanguka usiku, ikaanguka tena mchana, bila upepo, bila sauti. Redio ikawa inataja vijiji vilivyofungiwa barabara. Shunpei alikuja kubadilisha soksi tu, akaondoka. Mbele ya nyumba ya Bi Kinue ile theluji aliyokuwa akiitupa tangu mwanzo ilikuwa imepanda mpaka ukingo wa paa. Ungeweza kutembea kutoka barabarani ukafika paani bila ngazi, kama si kuzama.

Nikampitia jioni. Ananiambia kwa furaha ya uongo, "Chumba cha madhabahu kimekwama. Mume wangu leo hatapata chai."

Asubuhi nikampitia tena kabla ya kwenda kazini. Alinipokelea dirishani. Mlango wa jikoni ulikuwa umekataa, na juu yake boriti ilikuwa inatoa sauti nyembamba, inanyamaza, inatoa tena. Nilisimama kwenye theluji naisikiliza.

"Toka humo, twende kwangu," nikasema.

"Na nyumba?"

"Nyumba na ianguke."

Akaniangalia kama nimetukana. Mumewe alizaliwa humo, na madhabahu yake imo humo. Nikabadilisha maneno. "Basi nisubiri. Kazi inaisha mchana. Nitakuja nisimame chini, wewe utaita, mimi nitajibu. Umenisikia? Utanisubiri?"

"Nitakusubiri."

Alisema upesi mno. Ningekuwa na akili ningemfungia ngazi kwangu, lakini basi la wafanyakazi lilikuwa linapiga honi.

Mimi ni mpishi kwenye nyumba ya wazee huko mjini. Siku hiyo nilitia chumvi kwenye chai ya watu. Sikuona ninachokishika. Mkuu wa jiko akaniuliza nina nini, nikamwambia kuna mtu nyumbani nisipomfikia... nikajisikia mwenyewe nimeishia hapo. Akaniruhusu. Njia nzima kuta za theluji pande zote mbili zilikuwa juu kuliko gari, na mimi namwomba Mama Maria kwa lugha ya kwetu.

Nikashuka, nikakimbia, nikapinda kona. Ngazi imeegemezwa. Na Bi Kinue anashuka, mzima, jasho linamtoka, sepetu kwapani.

Nikakaa palepale barabarani, nikamtukana kwa lugha zote ninazozijua. Yeye anacheka, ananivuta mkono. "Mlango, Ruzu. Njoo uone mlango." Akanipeleka ndani kupitia dirishani, akaugusa mlango wa jikoni kwa kidole kimoja, ukateleza wenyewe mpaka mwisho. Boriti ilikuwa kimya. Sikuwahi kumwona na furaha hivyo tangu Tokuji afe.

"Umeitupa wapi theluji yote hiyo?" nikauliza. "Mbele pamejaa."

Akapunguza sauti. "Nyuma. Ilibidi. Nilimwomba Mzee Tokuji radhi kwanza, ndipo nikateremsha."

"Uliita?"

"Nimwite nani? Nyuma hakuna mtu."

Akaenda kufungua mlango wa nyuma aangalie kama pipa la mafuta ya taa limefukiwa. Mimi nikabaki nikivua buti. Nikasikia mlango unafunguka. Nikasubiri aseme kitu, maana hawezi kufungua mlango bila kusema kitu. Hakusema. Nikavaa tena buti, nikamfuata.

Kulikuwa na njia.

Ilitoka mlango wa jikoni wa Bi Fusae, ikapita katikati ya mipersimoni, ikaja moja kwa moja mpaka kwenye kona ya stoo ya Bi Kinue. Njia nyembamba, ya mtu mmoja, imekanyagwa mpaka imekuwa ngumu kama saruji, kingo zake zimechongwa kwa sepetu, na imemwagiwa majivu ili mtu asiteleze. Haikuwa kazi ya siku moja wala ya wiki moja. Mtu alikuwa ameitunza majira yote. Kutoka ndani huwezi kuiona, dirisha la nyuma lilikuwa limezibwa mbao tangu theluji ianze, kutoka paani matawi yaliyojaa theluji yaliificha, na Bi Kinue hakuwa anakanyaga huko kwa ajili ya Tokuji.

Njia ile ilifika kwenye rundo la theluji iliyoshuka kutoka paani, ikaingia ndani yake, na haikutoka upande wa pili.

"Fusae," akasema Bi Kinue. Hakuliita jina kwa sauti, alilisema tu. Kisha akaanza kuchimba kwa mikono.

Nilikimbilia kengele ya zimamoto, nikaipiga mpaka watu wakatoka. Tuliporudi alikuwa ameshafika kiunoni ndani ya lile rundo, kucha zinatoka damu, na hakutaka kumpisha mtu. Cha kwanza kutoka kilikuwa kreti la bia, limegeuzwa kuwa kiti, na juu yake mto wa kukalia umefungwa kwa kamba vizuri ili usipeperuke. Kisha chupa ya chai. Kisha kofia ngumu ya manjano ya Mzee Tokuji, na Bi Fusae ndani yake.

Kila Bi Kinue alipopanda, yule mama aliiona ngazi kutoka jikoni kwake, akavaa kofia ya mumewe, akaja kukaa nyuma pale, mahali ambapo hapatupwi kitu. Hakuwa ameitwa. Akijionyesha, Bi Kinue ataona ameshasumbua mtu na atashuka. Asipokuja, haitakuwa. Kwa hiyo alikuja, akakaa kimya, akamsikiliza akifanya kazi juu, na aliposhuka salama naye akarudi kwake. Kijana mmoja wa zimamoto alifungua ile chupa ya chai, ikatoa mvuke. Akaifunga upesi na kuiweka chini. Bi Fusae alikuwa baridi.

Kwenye mkesha wa Bi Fusae binti yake, Mitsuyo, alikuja kutoka mjini na nguo nyeusi ya kuazima. Bi Kinue alikuwa amekaa pembeni kabisa, vidole vimefungwa bandeji. Nilimwona Mitsuyo anainuka, anamjia kwa magoti, na nikajua kinachokuja. Nikafumba macho, lakini masikio hayafumbiki.

"Mama yangu amekusumbua sana," akasema Mitsuyo, paji la uso mkekani. "Kukaa nyuma ya nyumba yako bila hata kukuomba. Naomba radhi."

Chumba kizima kilingoja Bi Kinue ainame. Akaanza kuinama. Akafika katikati, akaishia hapo.

"Usiniombe radhi," akasema. "Nisipoita, mtu anakufa. Nilijua, na sikuita."

Miaka yote niliyokaa naye sikuwahi kumsikia akiimaliza ile nusu. Mwenyekiti alikohoa, akaangalia mikono yake. Mtawa aliyekuwa akimsomea marehemu sala akaacha. Mitsuyo akainua uso, akampiga Bi Kinue ngumi begani, moja, ya mtoto, akamwangukia akalia kwa sauti. Bi Kinue akamshika kichwa. Nami nikalia, kwa kelele, tunavyolia kwetu, na sikujali nani ananitazama.

Theluji haikujali msiba. Kabla wiki haijaisha mapaa yalikuwa yamejaa tena. Asubuhi niko jikoni, nikasikia sauti ya Bi Kinue kutoka ng'ambo, kavu, imepasuka, lakini kubwa.

"Napanda!"

Nikazima jiko. Nje nikaona milango inafunguka barabara nzima, mwenyekiti na koti juu ya nguo za kulalia, watu ambao hata si majirani zake. Tukasimama mbali na ukingo, tukainua mikono. Akatuangalia mmoja mmoja kabla ya kupanda.

Upande wa mbele alifanya upesi. Kisha akavuka mgongo wa paa, tukapoteza kumwona, tukamsikia tu.

"Nateremsha!"

Tukajibu kutoka mbele kwamba pako wazi. Hakuteremsha. Akaita tena, na tena, akielekeza sauti chini, nyuma ya nyumba, kwenye ile kona ya stoo. Anaita, ananyamaza, anasikiliza. Wanaume wakaangaliana. Hakuna aliyetaka kwenda kule.

Nikaenda mimi. Nikazunguka stoo, nikapita kwenye ile njia ya majivu ambayo theluji mpya ilikuwa bado haijaifunika yote, nikasimama mbali, chini ya mpersimoni. Alikuwa amechuchumaa juu ya paa, sepetu magotini, anatazama ukingo asioweza kuona chini yake.

"Hakuna mtu huku, Bi Kinue," nikamwambia. "Teremsha."

Akasubiri bado kidogo, kisha akateremsha.